Marehemu Sokoine na Katoni ya Sabuni

Ndugu zangu tuliosoma Umbwe, kila tukutanapo jina la Marehemu Edward Moringe Sokoine halikosi kutajwa, kwa kuwa naye alisoma pale kabla yetu. Safari hii nimeona nieleze maisha yake kwa ufupi, pamoja na deni nililo nalo kwake.

Alizaliwa Monduli mwaka 1938, katika jamii ya wafugaji wa Kimasai. Alianza shule huko huko, kisha akaja Umbwe, akamaliza mwaka 1958. Mwaka 1961 alijiunga na TANU, na mwaka uliofuata akaenda Ujerumani kusomea uongozi na utawala. Aliporudi alifanya kazi ya utawala katika Wilaya ya Masai, na mwaka 1965 wananchi wakamchagua kuwa Mbunge. Akawa Naibu Waziri mwaka 1967, Waziri wa Ulinzi mwaka 1972, na Waziri Mkuu mwaka 1977.

Mwaka 1980 aliacha uwaziri mkuu, akaenda masomoni Yugoslavia. Jambo hili hunigusa sana mimi niliyesomea biashara. Mtu aliyekwisha kuongoza shughuli za serikali nzima hakuona haya kurudi kuwa mwanafunzi.

Februari 1983 aliteuliwa tena. Hali ya nchi ilikuwa ngumu. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekomba fedha za kigeni, mafuta yamepanda bei, na sabuni na sukari hazionekani madukani. Mwezi Machi ukaanza msako wa walanguzi na wahujumu uchumi.

Wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa chuo kimoja cha uongozi wa biashara, na wenzangu walikuwa wamenichagua kuwa mtunza hazina wa duka letu la ushirika. Mchana tulifundishwa uaminifu wa mahesabu. Jioni moja niliandika kitabuni kwamba katoni ya sabuni imelowa na kuharibika, kumbe iko chini ya kitanda changu, ya kuwagawia marafiki. Msako ulipoanza sikupata usingizi. Kulipokucha niliirudisha, nikaungama mbele ya kamati. Waliniondoa kazini, nami nilistahili.

Lakini nisijisifu. Kilichonirudisha njiani ni hofu, si dhamiri. Na hofu ile ilileta madhara yake. Watu walitupa mali mitoni na porini. Sheria iliyotungwa mwaka ule iliwanyima washtakiwa dhamana na mawakili, hata ikabidi mwaka 1984 itungwe nyingine badala yake. Wala uhaba haukuletwa na walanguzi peke yao. Ni haki kuyasema haya hata tunapomheshimu marehemu.

Kilichonifundisha zaidi ya msako ni mwenendo wake mwenyewe. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika makampuni, au nyumba za kupangisha. Wako waliotafuta vichochoro. Yeye alijulikana kwa kuishi kama alivyohubiri. Nani angethubutu kwenda kupekua chini ya kitanda cha Waziri Mkuu? Hakuwa na wa kumwogopa, na bado alijizuia. Hapo ndipo nilipotambua tofauti yake na mimi.

Tarehe 12 Aprili 1984, akitoka Bungeni Dodoma kurudi Dar es Salaam kwa barabara, gari lake liligongwa huko Dakawa, mkoani Morogoro. Alifariki akiwa na umri wa miaka 45. Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa msiba huo kwa redio. Bwenini kwetu waliokuwa wakicheza karata waliziweka chini, wala hakuna aliyeziokota tena usiku ule. Alizikwa Monduli. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Morogoro, kilichoanzishwa mwaka huo huo, kikapewa jina lake.

Tangu wakati ule nimeshika vitabu vya hesabu vya watu wengi. Kila nikifika kwenye mstari ambao najua hakuna atakayeukagua, huikumbuka katoni ile, nikaandika kile kilichopo ghalani. Hilo ndilo deni langu, nami naendelea kulilipa.

Mwenyezi Mungu amrehemu mwenzetu.