Benjamin Franklin na Asili ya Chanya na Hasi

Mwanafunzi wa fizikia kwetu Likuyani huchora mshale wa mkondo wa umeme kutoka chanya kwenda hasi. Uamuzi huo ni wa Benjamin Franklin, mpiga chapa aliyezaliwa Boston mwaka 1706, mwana wa mtengeneza mishumaa, aliyesoma shuleni miaka miwili tu. Mnamo 1747 aliuona umeme kama kiowevu kimoja: palipozidi akapaita chanya, palipopungua hasi. Upande upi ulizidi, alikisia tu. Alifariki mwaka 1790. Mwaka 1897 J. J. Thomson aligundua elektroni. Kumbe zina chaji hasi, na katika waya huenda kinyume cha mshale. Hesabu hazikuharibika, mshale ukabaki. Nasi tunaobuni istilahi tutahadhari: jina likizoeleka, ukweli wenyewe hauling'oi.