D.O. Misiani: Mfalme wa historia tunayemsikia kwa mkalimani

Jumamosi moja hapa Milimani tuliunganisha laptopu na TV ya shangazi, tukaweka dokumentari ya Ketebul Music kuhusu benga, ile iliyotoka 2008 pamoja na kitabu na CD. Tulikuwa saba, binamu na marafiki, wote wa Kisumu na wote chini ya miaka thelathini. Mpango ulikuwa tuitazame nusu saa tukingoja jua lishuke, kisha twende tukacheze ohangla. Hatukutoka.

Mwanzoni kila mtu alikuwa kwa simu yake. Binamu yangu mmoja, ambaye yeye na amapiano ni kama omena na ugali, alishasema huo ni muziki wa matanga na basi za usiku. Lakini benga ina ujanja wake. Inaanza polepole, mtu anaimba hadithi yake, gita linamfuata nyuma kama mtoto anayeiga maneno ya babake. Kisha ghafla mwimbaji ananyamaza, besi inachachamaa, gita la solo linakimbia peke yake. Hapo hata wa amapiano mguu ulimsaliti.

Mwanamuziki aliyeleta mjadala mkubwa usiku huo ni Daniel Owino Misiani. Tulizoea kumsikia kama jina tu, wazee wakimtaja kwa herufi, D.O., kana kwamba kila mtu anajua. Nusu ya waliokuwa sebuleni walidhani ni mtu wa Homa Bay au Migori.

Misiani alizaliwa tarehe 22 Februari 1940 katika kijiji cha Nyamagongo, karibu na Shirati, mkoa wa Mara. Yaani Tanzania, ambayo wakati huo ilikuwa Tanganyika chini ya Mwingereza. Hapo ndipo kelele zilipoanza. Kumbe huyu tunayemwita babu wa benga, muziki tunaojivunia kuwa ni wetu, alikuwa Mtanzania? Mmoja wetu akakasirika kabisa, utadhani ameporwa kitu. Lakini hebu chukua ramani. Kutoka Shirati ukielekea kaskazini kidogo ushafika Muhuru Bay, upande wa Kenya. Ziwa ni lile lile, ngege ni wale wale, lugha ni moja. Wajaluo hawakuulizwa mpaka upitie wapi. Waliamka tu siku moja wakaukuta.

Wazazi wake walikuwa watu wa dini, na wote wawili walijua kuimba. Ungedhani wangefurahi. Wapi! Kuimba kanisani ni jambo moja, kuzunguka na gita kwenye dansi na pombe ni jambo lingine, nao hawakutaka kabisa kijana wao apite njia hiyo. Waliosoma sanaa chuoni huku mzazi akiuliza kila likizo kazi utapata lini, mnaelewa. Misiani hakungoja baraka. Miaka ya 1960 alivuka kuja Kenya kutafuta maisha kwa muziki, na kufikia katikati ya muongo huo alikuwa na kundi lake, Victoria Boys. Jina lilibadilika mara kadhaa, likawa Luo Victoria Boys, hadi bendi ikajulikana kama Shirati Jazz. Neno Jazz lisikuchanganye. Bendi nyingi za Afrika Mashariki enzi hizo zilijibandika hivyo, Western Jazz, Morogoro Jazz, bila tarumbeta za Marekani kuhusika sana. La maana hapo ni Shirati: alikuja mbali, akafanya jina Kenya, lakini kwao hakukufuta.

Kuhusu nani hasa alianzisha benga, msitafute ugomvi na wazee. Wengine watakwambia ni John Ogara wa Ogara Boys, wengine watamtaja George Ramogi, na wa Misiani hawatakubali. Mimi naona swali lenyewe halina maana sana, kwa sababu mzizi ni nyatiti. Kile ni chombo cha nyuzi nane, na mpigaji huvaa pete ya chuma kidoleni mwa mguu akigonga nayo ubao wa chombo ili ajipigie mdundo mwenyewe. Vijana wa wakati ule waliposhika magita, wakiwa wamesikia pia wapigaji wa Kongo redioni na katika santuri, waliyafanya yaongee kama nyatiti. Ukijua hilo, utaelewa kwa nini solo ya benga hainyamazi hata mwimbaji akipumua.

Miaka ya 1970 ndiyo iliyokuwa yao. Wimbo ulitoka katika santuri ndogo ya mizunguko 45, yenye dakika chache tu kila upande, kwa hivyo kibao kilikatwa katikati: upande wa kwanza hadithi, upande wa pili moto. Kericho palikuwa na kampuni ya Chandarana ikirekodi na kufyatua santuri. Halafu kulikuwa na Phares Oluoch Kanindo, mfanyabiashara aliyesambaza benga hadi kusini mwa Afrika. Zimbabwe waliupenda muziki huu mpaka wakauita kanindo, kwa jina la msambazaji, na ukachangia kuzaliwa kwa muziki wao wa sungura. Fikiria, mtu wa Harare anacheza mdundo uliotoka ufuoni mwa ziwa letu, sisi tunaoliona kutoka dirishani tunasema ni muziki wa matanga. Humu nchini nako uliingia kwa Wakikuyu na Wakamba, wakauimba kwa lugha zao.

Lakini gita halikutosha kumpa Misiani jina la Mfalme wa Historia. Alilipata kwa maneno. Aliimba mapenzi, ndiyo, na kusifu watu kwa majina, kama wafanyavyo wanabenga wote. Zaidi ya hapo aliimba koo zilitoka wapi, nani alitawala, nani alikufa na kwa nini, na nchi inaelekea wapi. Hakusema mambo wazi. Alipitia mafumbo na wanyama, na msikilizaji akajijazia mwenyewe.

Wakubwa nao hawakuwa wajinga. Alikamatwa na kuwekwa ndani zaidi ya mara moja kwa ajili ya nyimbo zake. Hata uzeeni hakupoa. Wakati wa serikali ya NARC, serikali ambayo wengi huku Nyanza waliisaidia kuingia, alitoa kibao Bim en Bim. Bim ni nyani, na kichwa cha wimbo kinasema kwamba nyani ni nyani tu. Nani ndiye nyani? Hapo kila mtu sebuleni alikuwa na jibu lake, na majibu mengine siwezi kuyaandika hapa.

Hapa ndipo aibu yetu ilipojitokeza. Kati ya watu saba, ni mmoja tu aliyeweza kufuata maneno ya Misiani bila kukwama, dada aliyelelewa na nyanya yake mashambani. Sisi wengine Dholuo chetu ni cha salamu, cha soko na cha matusi. Tulikuwa tunasimamisha wimbo kila mstari ili atutafsirie. Naye anatafsiri, sote tunatikisa kichwa, kisha anasema hapana, sivyo hasa, kuna utani ndani yake lakini ukiuweka kwa Kiswahili unakufa. Mtu alifungwa kwa sababu ya mistari hii, na sisi tunaihitaji na mkalimani. Kuna aliyesema haidhuru, muziki ni mdundo. Mimi sikukubali. Mdundo haukumpeleka mtu seli.

Mwaka 1987 alifika na bendi yake Uingereza, na baadaye albamu Piny Ose Mer ikatolewa huko kwa wasikilizaji ambao hawakujua hata neno moja la Dholuo. Kwa hiyo labda tuko nao kundi moja. Nyumbani lakini biashara ilikuwa imeanza kuoza. Kanda za kaseti zilifanya kunakili kuwe kazi ya dakika chache, na vibanda vikauza nyimbo bila mwimbaji kuona senti. Misiani aliendelea kupiga shoo na kurekodi.

Tarehe 17 Mei 2006 alifariki hapa hapa Kisumu, matatu aliyokuwa amepanda ilipogongana na gari lingine. Alikuwa na miaka 66. Binamu wa amapiano aliuliza mara mbili kama ni kweli alikuwa kwa matatu. Alidhani mtu aliyecheza Ulaya na ambaye nyimbo zake zilivuka mipaka yote hiyo angekuwa na dereva. Hakuna aliyemjibu. Kuanzia hapo mjadala uligeuka kuwa wa pesa, nani analipwa leo nyimbo hizi zikipigwa kwenye baa na redio, na ukaendelea hadi saa sita.

Shangazi alikuwa ameegemea mlango wa jikoni muda wote huo, kitambaa cha vyombo begani. Tulipourudia Bim en Bim alicheka kabla ya mstari kuisha, kisha akarudi kuosha sufuria. Sisi tukamgeukia mkalimani wetu.