John Akii-Bua

John Akii-Bua (3 Desemba 1949 – 20 Juni 1997) alikuwa mwanariadha kutoka Uganda aliyekimbia mbio za mita 400 kuruka viunzi. Ndiye Mganda wa kwanza kushinda medali ya dhahabu katika Michezo ya Olimpiki.

Maisha ya awali

Alizaliwa Abako, katika eneo la Walango kaskazini mwa Uganda. Baba yake alikuwa chifu mwenye wake kadhaa na watoto zaidi ya 40. Baada ya shule alijiunga na polisi mjini Kampala, na huko ndiko kipaji chake kilikoonekana. Alifundishwa kwanza na afisa mwenzake Jerom Ochana, kisha na Mwingereza Malcolm Arnold. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 1970 mjini Edinburgh alishika nafasi ya nne.

Olimpiki ya 1972

Kwa ajili ya michezo ya Munich alifanya mazoezi makali, akiruka viunzi huku amevaa fulana yenye vyuma vizito. Katika fainali ya tarehe 2 Septemba alipangiwa njia ya kwanza, ya ndani kabisa, ambayo kona zake ni kali na wakimbiaji wengi huichukia. Hata hivyo alishinda kwa sekunde 47.82, akawa mtu wa kwanza kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48. Ralph Mann wa Marekani alikuwa wa pili. Wa tatu alikuwa David Hemery wa Uingereza, bingwa wa 1968, ambaye rekodi yake ya dunia ya 48.12 ilivunjwa siku hiyo. Akii-Bua aliendelea kuzunguka uwanja kwa furaha, akiruka viunzi ambavyo havikuwepo.

Chini ya utawala wa Amin

Idi Amin alimpandisha cheo na kumpa nyumba, na barabara moja ya Kampala ikaitwa kwa jina lake. Lakini wakati huohuo Walango, waliohesabiwa kuwa watu wa Milton Obote, walikuwa wakiuawa, wakiwemo ndugu zake mwenyewe. Umaarufu wake ulimlinda, ila haukumpa uhuru.

Mwaka 1973 alishinda dhahabu katika Michezo ya Afrika mjini Lagos. Mwaka 1976 hakupata nafasi ya kutetea taji lake, kwa kuwa Uganda ilikuwa kati ya nchi za Afrika zilizosusia michezo ya Montreal kwa sababu ya ziara ya timu ya raga ya New Zealand nchini Afrika Kusini. Edwin Moses wa Marekani alishinda huko na kuvunja rekodi yake.

Uhamisho na kifo

Utawala wa Amin ulipoanguka mwaka 1979 alikimbilia Kenya, akawekwa katika kambi ya wakimbizi. Kampuni ya viatu ya Puma ilimsaidia kwenda Ujerumani Magharibi, akafanya kazi huko. Alishiriki tena Olimpiki ya 1980 mjini Moscow bila kufika fainali.

Baadaye alirudi Uganda na kuwa kocha katika polisi. Alifariki mjini Kampala akiwa na umri wa miaka 47, akazikwa kwa heshima za kitaifa.