Fabre na Nyigu wa Kabichi

Fikiri kwamba umesimama katika bustani ya kabichi nchini Ufaransa. Juu ya jani amelala kiwavi mnyonge, na ubavuni pake pamerundikana vifuko vya manjano, vidogo kuliko punje za mchele. Je, ni vitu gani hivyo? Zamani watu wengi walidhani ni mayai ya kiwavi, wakaviponda. Lakini wewe unajua kwamba kiwavi hatagi. Kipepeo ndiye atagaye.

Mmoja wa watu waliolichunguza jambo hilo kwa subira ni Jean-Henri Fabre. Alizaliwa mwaka 1823 katika kijiji cha Saint-Léons, kusini mwa Ufaransa. Wazazi wake walikuwa maskini, naye alipokuwa kijana aliuza malimau gulioni ili apate chakula. Baadaye alifaulu mtihani, akaingia chuo cha ualimu mjini Avignon. Alifundisha miaka mingi kwa mshahara mdogo. Mwaka 1870 aliacha kazi, baada ya kulaumiwa kwa kuwafundisha wasichana jinsi maua yanavyopata mbegu. Naam, hata hilo lilihesabiwa kuwa kosa! Tangu hapo aliilisha jamaa yake kwa kuandika vitabu vya shule. Mwaka 1879 alipata kiwanja huko Sérignan, ardhi kavu yenye mawe na miiba. Mkulima asingeitamani. Fabre aliipenda kwa kuwa ilijaa wadudu.

Huko aliwachunguza viwavi wa kabichi. Alipowapasua wengine waliokuwa wangali wakila majani, alikuta ndani yao mabuu wadogo wengi. Kwa nini basi kiwavi hakufa? Kwa sababu mabuu hao hunywa damu yake tu, wala hawaitafuni nyama yake. Kama wangemwua mapema, wao pia wangekufa kwa njaa.

Mama yao ni nyigu mweusi, mwenye urefu wa milimita 3 hivi. Humchoma kiwavi mchanga na kutaga mayai mwilini mwake, mara nyingi 20 au zaidi. Mayai huanguliwa, na mabuu hukua kwa muda wa majuma mawili au matatu. Kisha huitoboa ngozi ya kiwavi, hutoka nje, na kila mmoja hujisokotea kifuko cha nyuzi za manjano. Kiwavi hufa muda si mrefu. Ndani ya kifuko buu hugeuka pupa, na baada ya siku 7 hadi 10 hutoka nyigu kamili, tayari kutafuta viwavi wengine. Walioviponda vifuko vile walikuwa wakiwaua walinzi wa kabichi zao wenyewe.

Fabre aliandika habari za wadudu katika vitabu 10. Cha mwisho kilitoka mwaka 1907. Alikufa huko Sérignan mwaka 1915, akiwa na umri wa miaka 91.

Nyigu wa jamii hiyo wako Afrika Mashariki pia. Mwaka 1993 nyigu walioletwa kutoka Asia walifunguliwa katika pwani ya Kenya, ili wawashambulie viwavi wanaotoboa mabua ya mahindi. Vifuko vya hao ni vyeupe, navyo hurundikana ndani ya bua, katika njia aliyoichimba kiwavi.