Lord Rosse: aliona umbo la galaksi akiwa uani kwake, kisha njaa ikasimamisha kazi

Shaba na bati ni madini ambayo Wakongomani wanayajua vizuri: shaba inachimbwa Katanga, na bati inatoka katika kasiterite ya Kivu. Zaidi ya miaka 180 iliyopita, mtu mmoja wa Ireland aliyeyusha madini ya aina hizo mbili, akatengeneza kioo kikubwa, na kwa kioo hicho akaona jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameliona kabla yake.

Mtu huyo ni William Parsons, anayejulikana zaidi kama Lord Rosse. Alizaliwa tarehe 17 mwezi wa 6 mwaka 1800 katika mji wa York, Uingereza. Alikuwa mbunge kwa miaka kadhaa, na mwaka 1841 baba yake alipofariki akarithi cheo pamoja na ngome ya Birr, katikati ya Ireland. Mke wake, Mary, alitoka familia tajiri, na mali yake ilisaidia kulipia kazi ya mume wake.

Wakati huo hakukuwa na kiwanda cha kuuza darubini kubwa kama aliyoitaka. Rosse aliwafundisha wafanyakazi wa kijiji chake, wakajenga tanuru katika ngome. Theluthi mbili ya kioo ilikuwa shaba, iliyobaki bati. Kilikuwa na upana wa mita 1.8 na uzito wa karibu tani 3. Kupoza tu kulichukua majuma mengi, kwa sababu kikipoa haraka kinapasuka. Kisha kikasuguliwa kwa mashine ya mvuke, kikawekwa chini ya bomba la mita zaidi ya 16 lililosimamishwa katikati ya kuta mbili za mawe, uani kwake.

Mwezi wa 4 mwaka 1845, Rosse alielekeza darubini kwenye doa la ukungu linaloitwa Messier 51. Wengine waliliona kama moshi tu. Yeye aliona mikono inayojizungusha, mfano wa maji yanayozunguka mtoni, akalichora kwa mkono. Ziwa Tanganyika lilikuwa bado halijaonwa na wasafiri wa Ulaya: Burton na Speke walifika Uvira miaka 13 baadaye, mwaka 1858.

Lakini mwaka huohuo wa 1845, ugonjwa ulishambulia viazi mviringo, chakula cha maskini wa Ireland. Njaa iliyofuata iliua watu karibu milioni 1, na wengine wengi wakakimbilia nje ya nchi. Rosse alikuwa mmoja wa wenye mashamba, tabaka ambalo wakulima wengi walililaumu. Aliacha darubini, akashughulikia misaada, na kazi za kuchimba handaki kuzunguka ngome zikawapa watu riziki. Ni kufikia mwaka 1848 tu ndipo uchunguzi wa anga ulianza tena kwa nguvu.

Alifariki tarehe 31 mwezi wa 10 mwaka 1867. Darubini yake ilibaki kubwa kuliko zote duniani hadi mwaka 1917, ilipopitwa na ile ya Mount Wilson, Marekani. Ni huko Edwin Hubble alithibitisha, katika miaka ya 1920, kwamba madoa hayo ni galaksi, kila moja ikiwa na nyota mabilioni, mbali sana na yetu.

Kwa wakaaji wa Uvira, kuanza hakuhitaji tani za shaba. Mwezi wa 11, karibu saa tatu za usiku, mawingu yakifunguka na umeme ukiwa umekatika, geukia kaskazini, upande wa bonde la Ruzizi. Doa hafifu lililo katikati ya upeo na utosi ni galaksi ya Andromeda. Nuru inayofika machoni pako ilianza safari miaka milioni 2 na nusu iliyopita.