Livingstone mwanafunzi: majira mawili ya baridi Glasgow

Mwezi wa Juni ukifika, Lubumbashi inageuka. Wageni kutoka Kinshasa hawaamini kwamba ndani ya Kongo kuna mji ambapo watu wanatoka asubuhi wamevaa makoti na kofia za sufu. Tunaishi juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na upepo wa kiangazi unapenya dirishani hata ukiziba kwa karatasi. Jioni moja ya majira hayo mdogo wangu, anayesoma udaktari, aliingia chumbani mwangu amejifunika blanketi, akaniambia kwamba anataka kuacha masomo. Minervali haijalipwa yote, silabusi ya anatomia ni ya kukopa, umeme unakatika kila usiku, na vidole vinakufa ganzi akishika kalamu. Yaya, alisema, kazi hii ni ya watoto wa matajiri.

Mimi nasoma lugha. Juu ya dawa sina neno la kumwambia mtu. Nilichokuwa nacho siku zile ni maisha ya David Livingstone, niliyekuwa nikimsoma kwa ajili ya kazi ya darasa juu ya Wazungu wa kwanza walioandika sarufi za lugha zetu za Kibantu, maana yeye aliandika uchambuzi wa Kitswana. Mdogo wangu alicheka. Shuleni tulimjua kama mzee mwenye kofia anayepita katika ramani akichora mito. Nikamwambia asahau kofia, tuanze na pamba.

Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, kijiji cha Scotland kando ya mto Clyde. Baba yake alikuwa akiuza chai, na familia yote, wazazi na watoto watano, ililala katika chumba kimoja. Mwaka 1823, akiwa na miaka 10, aliingia kiwanda cha kusokota pamba. Kazi yake ilikuwa kuunga nyuzi zilizokatika, kuanzia alfajiri hadi usiku, saa 14 kwa siku pamoja na muda wa kula. Kwa sehemu ya mshahara wa juma la kwanza alinunua kitabu cha sarufi ya Kilatini. Baada ya kazi alikwenda shule ya usiku, kisha akasoma nyumbani mpaka mama yake alipomnyang'anya kitabu ili alale. Mchana alikiweka kitabu juu ya mashine, akasoma sentensi moja kila alipopita mbele yake.

Alikuwa na miaka 21 aliposoma mwito wa kutafuta wamisionari waganga wa kwenda China, na hapo akaamua kusoma udaktari. Zilikuwa zimepita zaidi ya mwaka mmoja, akiweka akiba, alipopata nafasi. Wakati ule masomo ya chuo yalifuata majira ya baridi, na jambo hilo lilimwokoa: alisokota pamba wakati wa joto, kisha akala akiba yake wakati wa baridi. Mwishoni mwa 1836 yeye na baba yake walitembea kwa miguu katika theluji, kilomita 13 hivi, hadi Glasgow, wakazunguka mji mzima wakitafuta chumba cha bei ndogo. Walikipata katika mtaa wa Rotten Row, shilingi 2 kwa juma. Chai na sukari yake zikaanza kupungua asipokuwepo, naye akahamia mtaa mwingine na kulipa nusu shilingi zaidi.

Hapo mdogo wangu aliacha kucheka. Sukari inayopungua chumbani anaijua.

Ada ya masomo ya udaktari katika chuo cha Anderson ilikuwa pauni 12 kwa msimu. Baadaye Livingstone alijivunia kwamba hakupokea hata senti ya msaada. Asubuhi na mchana alisikiliza masomo ya dawa na kemia. Pia alisoma Kigiriki katika chuo kikuu na teolojia kwa mchungaji mmoja wa mji. Katika Desemba mchana wa Glasgow ni wa saa saba tu, kwa hiyo mwanafunzi anatoka gizani na kurudi gizani. Upasuaji waliotazama ulifanywa kwa mgonjwa aliye macho, kwa kuwa etha ya kulaza wagonjwa ilianza kutumika 1846. Mwishoni mwa juma alirudi kwa miguu hadi Blantyre.

Rafiki aliyempata huko alikuwa James Young, msaidizi wa mwalimu wa kemia. Young alikuwa na karakana yenye vyombo vya useremala na vya chuma, na Livingstone alikaa humo akijifunza kutumia mikono. Miaka iliyofuata Young alitajirika kwa kutengeneza mafuta ya taa kutoka makaa ya mawe, na fedha zake zikagharimia baadhi ya safari za rafiki yake. Nilimwonyesha mdogo wangu taa ya petroli iliyokuwa inawaka kati yetu.

Baada ya majira mawili ya baridi Livingstone alikwenda London kuendelea kujifunza. Novemba 1840 alirudi Glasgow kufanya mtihani wa mwisho. Alibishana na watahini juu ya stetoskopu, chombo kipya wakati ule cha kusikilizia kifua, na mtihani ukarefushwa kwa sababu yake. Akafaulu hata hivyo. Vita vya kasumba vilikuwa vimefunga njia ya China, kwa hiyo Desemba ileile alipanda meli kuja Afrika ya Kusini.

Mdogo wangu aliniuliza kama nataka amsifu mzungu. Lilikuwa swali la haki. Mke wake Mary alikufa kando ya Zambezi mwaka 1862, na watoto wake walimjua kwa barua kuliko kwa sura. Alipinga biashara ya watumwa kwa nguvu zake zote, lakini njia alizoandika zilipitiwa na wengine waliotaka nchi, na Desemba 1891 Msiri alipigwa risasi na kufa kwake Bunkeya. Hayo siyafichi.

Lakini nilitaka ajue mwisho wa ule udaktari. Januari 1867, kusini mwa mto Chambeshi, mpagazi mmoja alitoroka na sanduku la dawa. Mganga akabaki bila dawa. Mwaka uleule alifika ziwa Moero, ambalo kwa upande wetu leo lina Pweto na Kilwa, akiwa na homa isiyokuwa na tiba. Vidonda vya miguu vilimzuia miezi mingi Kabambare. Katika mipango yake ya mwisho alitaka kuja kuona migodi ya shaba ya Katanga, lakini hakufika. Tarehe 1 Mei 1873 alikutwa amekufa katika kijiji cha Chitambo, ng'ambo ya mpaka wetu, baada ya kutokwa damu tumboni kwa muda mrefu.

Watu wake, Susi, Chuma na wenzao, waliamua kuurudisha mwili pwani. Ilibidi uandaliwe, na aliyeweza kuufungua alikuwa Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari mmoja Unguja na kuona jinsi maiti inavyopasuliwa. Hakuwa na diploma wala hakukaa darasani. Alitoa moyo na matumbo, yakazikwa chini ya mti, na ndani aliona bonge kubwa la damu. Waliutia mwili chumvi, wakaukausha juani siku 14, wakaubeba mpaka Bagamoyo. London, Aprili 1874, daktari mpasuaji aliutambua kwa mfupa wa mkono wa kushoto, uliovunjwa na simba miaka 30 kabla.

Mdogo wangu alinyamaza kidogo. Hakuuliza tena juu ya Livingstone. Aliuliza Farijala alijifunza wapi, na ni nani aliyeandika jina lake. Nikamwambia alijifunza kwa kutazama, na kwamba jina lake limebaki kwa sababu wenzake walisimulia alichofanya.

Alichukua silabusi ya kukopa, akavuta kiti karibu na mbabula, akaanza kurudia mifupa ya mkono kwa sauti ya chini. Minervali ilikuwa bado haijalipwa. Mimi nilimwachia taa, nikaenda kulala.