Abbas bin Firnas, Mwanachuoni wa Qurtuba Aliyejaribu Kuruka

 

Limetufikia swali la mzazi aliyeko Bariadi, mkoani Simiyu. Kijana wake kamaliza skuli, na uani kwao anaunda ndege. Anachonga bawa kwa povu gumu, kisha analivika faibaglasi na gundi, kama yanavyotengenezwa maboti yetu. Majirani wanasema anashindana na Mola wake. Je, ni halali?

Jawabu letu linaanzia kwa Abbas bin Firnas, Allah amrehemu, kwani tuhuma kama hizo zilimfika.

Asili yake ni Mberberi wa Takurunna, karibu na Ronda ya leo, kusini mwa Uhispania. Aliishi Qurtuba zama za maamiri watatu wa Bani Umayya. Alikuwa mshairi na mjuzi wa nyota. Inasimuliwa kwamba kitabu cha Al-Khalil bin Ahmad cha elimu ya arudhi kilipofika Andalusi hakuna aliyekielewa mpaka akakifungua yeye. Alitengeneza kioo kutokana na mawe. (Na faibaglasi ya kijana wetu ni nini kama si nyuzi za kioo?) Alimtengenezea Amiri Muhammad saa ya maji, na nyumbani kwake akaunda mfano wa mbingu wenye nyota, mawingu, radi na umeme.

Maneno yakaanza. Alishitakiwa kwa uzandiki mbele ya Kadhi Sulayman bin Aswad. Shahidi mmoja alidai kamsikia akitamka maneno ya ajabu, kumbe ni vipimo vya arudhi, ambavyo mwanafunzi yeyote wa mashairi anavijua! Kadhi hakuona hatia, akamwachia.

Mnamo 875, akiwa mtu mzima wa miaka sitini na zaidi, alijivika manyoya, akajifungia mbawa mbili na kujirusha hapo Qurtuba. Alielea masafa fulani, kisha akashuka kwa kishindo na kuumia mgongo. Al-Maqqari, aliyeandika miaka zaidi ya 700 baadaye, anataja sababu: hakujiwekea mkia. Mwenye shaka na akumbuke kwamba Mu'min bin Said, mshairi wa zama zile zile, alimkejeli kwa beti.

Watu wa Simiyu wana tumbusi juu ya vichwa vyao kila siku. Wamtazame anapotua: hufunua mkia, huinua kifua, mwendo ukapungua, ndipo miguu ikagusa. Katika ndege ya mtu pia, mkia ndio unaozuia pua isizame wala kuinuka kupita kiasi. Na tumbusi huyo huyo ni hatari. Januari 1959, huko Serengeti inayopakana na Simiyu, Mjerumani Michael Grzimek alifariki baada ya ndege yake, tena ya kiwandani, kugongana naye.

Basi kuunda ndege ni halali, na majirani wanyamaze. Kuipanda ni suala jingine. Gundi isiyoshika ndani ya bawa haionekani kwa macho, na kujitia katika maangamizi kumekatazwa. Bawa lipinduliwe, lishikiliwe shinani tu, na kupakiwa mifuko ya mchanga mpaka uzito linaoweza kuubeba ujulikane, kijana atafute mhandisi, na asiruke bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Mzazi ana haki ya kumzuia mpaka hapo.

Waliosoma lugha wanamjua Al-Jawhari, mwenye kamusi ya As-Sihah. Inasimuliwa kwamba kule Nishapur, zaidi ya miaka 100 baada ya Ibn Firnas, alijifungia mbao mbili za mlango, akapanda juu ya msikiti na kuruka. Alikufa papo hapo.

Ibn Firnas yeye aliishi miaka kama 12 baada ya kuanguka, akafariki 274 Hijria, yaani 887. Qurtuba ya leo ina daraja lenye jina lake, lililofunguliwa 2011, na umbo lake ni la mbawa mbili.